Masikio ya Batul

Kile kichwa kilikuwa changu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Tetuani, Moroko, kisa hiki kimesimuliwa sana, na kila anayekisimulia anadai Itimad alikitengeneza kichwa kwa mikono yake mwenyewe. Hakukitengeneza. Alikitoa kwenye dirisha la saluni yangu, kichwa cha sanamu cha kuonyeshea mitindo ya nywele, mchana kweupe, mimi nikiwa na mteja aliyepakwa hina nywele nzima, akasema, "Warda, nakiazima hiki," akatoka nacho kwapani. Masikio tu ndiyo aliyoyatengeneza yeye.

Itimad ana kibanda cha kutengeneza redio na televisheni nyuma ya saluni yangu, alichoachiwa na marehemu baba yake. Ni mfupi, mnene kiasi, na ana sauti. Nikisema ana sauti nina maana ya vigelegele. Hapa mtaani kwetu bibi harusi hatoki chumbani mpaka Itimad apige cha kwanza, na kikishatoka kifuani mwake njiwa wa mapaa yote huruka. Wenye harusi humwalika yeye kabla hawajamtafuta mpishi.

Wazimu wake mwingine ni masikio, na chanzo chake ni utotoni. Aliumwa sikio la kulia, likaziba majira yote ya baridi. Hakuwa kiziwi, kila kitu alikisikia, ila hakujua kinatokea wapi. Vichochoro vyetu ni vyembamba na nyumbu hupita na mizigo. Mwenye nyumbu akipaza sauti, "Simile! Simile!" mtu mwenye masikio mawili hafikiri, anajibanza upande unaofaa. Itimad alijibanza upande wa nyumbu. Aliangushwa na magunia ya mkaa, akaangushwa na mapipa ya zeituni, mpaka mama yake akamkataza kutoka peke yake. Basi siku sikio lilipozibuka alikuwa juu ya paa na mama yake wakianika nguo, adhana ikaanza, akamsikia mwadhini mmoja mbele yake, mwingine nyuma, wa tatu kule chini bondeni. Akaketi kwenye kapu la nguo mbichi akacheka, na mama yake akadhani homa imemrudia.

"Dunia ilirudi mahali pake," ndivyo anavyolieleza jambo hilo mpaka leo, na akilieleza anafurahi upya.

Ukubwani akaanza kurekodi sauti za kusikilizwa kwa hedifoni. Nilimuuliza kuna ajabu gani, simu yangu nayo inarekodi. Akanijibu kwa subira aliyonayo kwa watu wa aina yangu. Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia huipata mwanzo, la kushoto hufikiwa baadaye kidogo tu, tena ikiwa imefifia kwa sababu kichwa kimeikinga. Ile mikunjo ya sikio nayo ina kazi, ndiyo inayotujulisha kilicho nyuma na kilicho juu. Kwa hiyo ukitaka msikilizaji ajione yuko pale, chukua maiki mbili, ziweke pale pale masikio yanapokaa, na katikati pawe na kichwa.

"Maneno tu hayo," nikasema.

Akanivisha hedifoni saluni kwangu, mbele ya wateja. Nikasikia kichochoro, mtu akifagia kibaraza upande wa kulia, mwingine akipiga chafya mbali. Mara nyuma ya bega langu la kushoto, "Simile! Simile!" na kwato juu ya mawe. Niliruka kulia nikalikumbatia bakuli la hina, likammwagikia mke wa kadhi mapajani. Wateja walicheka hadi wengine wakatoka nje. Tangu siku hiyo sikumbishia tena Itimad habari za masikio, ingawa mengine yote nambishia.

Sasa Batul. Batul ni binti mkubwa wa Bibi Haniya, Lalla Haniya tunavyomwita kwa heshima, jirani yetu sote. Yuko Kanada miaka kadhaa, anatunza wazee, na mwaka ule mdogo wake Nuhaila alipochumbiwa, karatasi zake za ukaazi zilikuwa zinasubiri kufanywa upya. Akitoka huko asingeweza kurudi. Harusi haikuweza kungoja na karatasi hazikuwa na haraka. Lalla Haniya alizipokea habari hizo kwa kutozitaja kabisa. Ukimuuliza Batul atakuja lini, anakuuliza kama umeonja maandazi yake.

Jioni moja Batul alimpigia simu Itimad, nami nikiwepo kibandani.

"Watu wananiambia watanirushia video," akasema. "Dada Itimad, sitaki video. Kwenye video naona harusi ya watu. Nimeangalia harusi za binamu zangu zote hivyo, naishia kulia na simu mkononi kama mwendawazimu. Mimi nataka kuketi."

"Kuketi wapi?"

"Pangu. Kulia kwa Mama. Toka nina akili zangu, harusi zote, misiba yote, mimi nakaa kulia kwa Mama. Nikalishe hapo, dada yangu. Siombi kingine."

Itimad aliweka bisibisi mezani. Kisha akasema, "Nitakukalisha," kwa sauti ya mtu aliyekula kiapo, na kesho yake ndipo akaja kuninyang'anya kichwa.

Kichwa cha saluni kina masikio ya urembo tu, hata heleni hayashiki. Itimad alitaka masikio ya ukoo ule, maana wote wana masikio mapana yaliyosimama, Batul na mama yake wakiwa sawasawa. Akapata kwa daktari wa meno ule uji mzito wa kuchukulia umbo la meno. Tukamlaza Lalla Haniya kwenye kochi, tukamjaza uji huo sikio hili na hili. Kwa kuwa hakusikia kitu, alipayuka:

"MMENIZIBA MASIKIO MPATE KUNISENGENYA!"

"Hakuna anayekusengenya, Lalla," nikasema.

"NAKUONA MDOMO UNACHEZA, WARDA!"

Masikio yakatoka mazuri ya mpira laini, na ndani yake Itimad akachomeka maiki ndogo kama punje za dengu. Lakini Lalla Haniya alipokiona kichwa kimekamilika, kina masikio yake, uso ukambadilika.

"Hicho ndicho mnataka kukiweka pahali pa mwanangu?"

"Batul atasikia kwa hicho, Lalla. Wewe ukisema jambo kushoto kwa kichwa hiki, yeye atalisikia kushoto kwake. Ukitaka kumwambia neno, mwambie."

"Mimi siongei na kichwa cha saluni," akasema. "Kiti kingebaki kitupu, watu wakaona kwamba mwanangu hayupo. Kuna ubaya gani watu wakaona?" Akaenda jikoni, na tulimsikia akiosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Itimad aliumia, najua.

Siku ya harusi, sherehe ya wanawake ilianza baada ya adhuhuri. Tulikiweka kichwa kulia kwa Lalla Haniya, juu ya mito, tukakivisha kaftani ya Batul ya kijani na kitambaa chepesi kisichoziba sikio. Wanawake hawakukawia kukipa jina. Wakakiita Lalla Kimya. Wakakisalimu, wakakiuliza habari za watoto, mmoja akakiwekea glasi ya maziwa ya lozi mbele yake.

"Anakula vizuri huyu?" akauliza mmoja.

"Bora kuliko mkweo, huyu hasemi chakula hakina chumvi."

Itimad alikuwa pembeni na hedifoni masikioni, uso unang'aa. Kila kitu kilikuwa kikiingia. Akaniashiria kwa kidole gumba. Ndipo akaingia Lalla Menana, shangazi wa bwana harusi, na mrashi wa fedha mkononi.

Mnajua kazi ya mrashi. Mgeni akiketi harusini ni lazima anyunyiziwe maji ya maua ya mchungwa, kichwani na mikononi, na asiyenyunyiziwa ana haki ya kuondoka na kinyongo. Lalla Menana ni mama wa watu, hajawahi kumruka mgeni maishani mwake. Alinyunyizia safu ya kwanza, akanyunyizia ya pili, akafika kwa Lalla Haniya akamrashia, na kwa ukarimu ule ule, kwa kuwa si desturi kumruka aliyeketi karibu na mama wa bibi harusi, akakimiminia Lalla Kimya maji yote yaliyobaki ndani ya mrashi.

Itimad alizitupa hedifoni kana kwamba zimemuunguza. Alisema baadaye kuwa sikio la kulia lilichemka kama mafuta kikaangoni, halafu likafa. Tukakikimbiza kichwa chumbani, tukakifuta, tukakipulizia kwa mashine yangu ya kukaushia nywele. Wapi! Lalla Menana alisimama mlangoni anauliza kosa lake nini, kwani kichwa hakipendi manukato?

"Sikio moja si linabaki?" nikasema, nikitaka kumpoza.

"Sikio moja ni harusi iliyobandikwa ukutani," akajibu Itimad. "Atasikia watu, hatajua wako wapi. Hatakuwa ameketi. Nilimwahidi kuketi, Warda." Machozi yalikuwa yameshamlenga. Nuhaila alikuwa chumba cha pili amekwisha kuvishwa, na bibi harusi hatolewi mara mbili ili mashine zipate kupona.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na maiki nyingine mbili, za akiba. Masikio ya mpira yalikuwa yameloa mpaka ndani. Akayatazama, akanitazama mimi.

"Zitie masikioni mwangu," nikasema. "Nitakaa mimi."

"Wewe? Unyamaze?"

"Nitanyamaza."

"Warda, wewe husemi tu ukiwa umelala, na hata hapo sina hakika."

Haikuwa lugha ya kumwambia mtu anayejitolea, lakini nikamwachia maiki. Akazichomeka masikioni mwake mwenyewe, nikamshushia nywele zifunike nyaya, akaenda kuketi kulia kwa Lalla Haniya. Na hapo ndipo nilipoelewa alichojitwika. Akigeuza shingo, harusi yote ingegeuka kichwani mwa Batul. Akinena, sauti yake ingejaa fuvu la Batul. Kucheka asicheke, kukohoa asikohoe. Na kigelegele, jamani, kigelegele ndicho asingethubutu kabisa.

Wageni wakaendelea kuingia, na kila aliyeingia alimwinamia kumbusu shavu hili na hili, tena na tena kama ilivyo ada, kwa mabusu yetu yale ya kulia kama chupa inayozibuliwa. Nilimwona akifumba macho kila moja lilipofika. Huwezi kumkataza mtu kukubusu harusini. Nikajisemea, basi, Batul atasikia mabusu matupu, kazi imeharibika.

Pazia likafunguliwa. Nuhaila akatokea juu ya kiti chake cha kubebwa, amepambwa, na niwaambie nywele zile nilizifunga mimi. Ukumbi mzima ukanyamaza na macho yote yakamgeukia Itimad. Hakuna aliyeanza, kwa heshima yake. Naye alikuwa ametulia tuli, kinywa amekifunga, anatazama mbele. Wabebaji wakasimama na mzigo begani. Nuhaila akaanza kubabaika. Mtu fulani akanong'ona, na mnong'ono huo ulizunguka chumba.

Nikapiga mimi. Nilipiga vibaya, kilikatika katikati kikaisha kama mlango unaohitaji mafuta, lakini kilitosha kuwaamsha wengine, na harusi ikaendelea. Aibu ile iko kwenye rekodi, nje kidogo upande wa kulia, na Itimad amekataa kuifuta.

Lalla Menana lakini hakuridhika. Mwanamke mwenye sauti kama ile, kanyamaza bibi harusi anapotoka? Hicho ni kijicho, na kijicho hakiachwi kikakaa karibu na bibi harusi. Nikajaribu kumweleza.

"Lalla, ana maiki masikioni."

"Ana nini?"

"Maiki. Anasikia kwa niaba ya Batul."

"Maskini, kijicho kimempanda mpaka akilini," akasema, akaagiza chetezo. Kikaletwa na makaa mekundu, mbegu za harmali na shabu, dawa za kufukuza jicho baya. Akamzunguka Itimad kwa moshi, kulia, nyuma, kushoto, mara nyingine tena, mikufu yake ikilia na midomo ikisoma, akitema mate kwa pembeni na kumwamuru hasidi ashindwe. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba walioketi nyuma walikohoa kwa zamu. Itimad hakukohoa. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili, shingo imenyooka, na mimi niliyemcheka maisha yangu yote, siku hiyo nilimpenda hata nikataka kulia.

Lalla Haniya aliyaona hayo yote. Tangu mwanzo alikuwa amegeuzia uso upande mwingine, hakitazami kichwa, na baadaye hakumtazama Itimad. Sasa alimkazia macho. Alimwona mwanamke mwenye vigelegele vyake amevimeza, amefukizwa kama jini mbele ya watu, na bado hajageuza shingo, ili binti wa mtu mwingine awe ameketi. Sinia za kuku kwa zabibu kavu na lozi zikaletwa. Lalla Haniya akanyoosha mkono akamega paja, akaliweka upande wa Itimad. Halafu akamwinamia sikio la kushoto, akaziba mdomo kwa kiganja kama tufanyavyo tukisema siri, akasema neno. Lilikuwa neno fupi. Nilikuwa upande wa pili wa chumba, sikulisikia. Nilichoona ni machozi ya Itimad yakidondokea kaftani, na kichwa chake hakikutikisika.

Wageni walipoondoka alizitoa maiki, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, akapiga vigelegele vyote vya siku ile kwa mfululizo. Nuhaila akatoka mbio na viatu mkononi akidhani pameanza harusi nyingine. Lalla Menana alishika kifua akasema, "Mnaona? Dawa imefanya kazi!"

Rekodi ilitumwa. Ijumaa yake tukakusanyika sebuleni kwa Lalla Haniya, yeye na Itimad na mimi, na Nuhaila na hina yake mbichi, Batul akiwa kwenye simu iliyoegemezwa birika. Tulimwona amekaa kwenye kitanda chake kidogo, theluji dirishani, hedifoni kubwa kichwani. Tulikubaliana asikilize sisi tukimtazama. Sauti ya rekodi tusingeisikia, tungeona uso wake tu. Itimad alikuwa anatafuna ukucha.

"Yatakuwa mabusu matupu," akaninong'oneza. "Mabusu na moshi."

Batul alifumba macho. Mwanzo hakuna kilichotokea. Halafu, taratibu, akasogeza shavu la kulia mbele. Kisha la kushoto. Kisha la kulia. Alikuwa anabusiwa. Peke yake kwenye chumba kile cha baridi alikuwa akipokea mabusu ya shangazi na majirani mmoja mmoja, anatabasamu, na mara akasema kwa sauti, "Huyu Lalla Sufia, hajaacha kula vitunguu!" Tukaangua kicheko. Nuhaila alipotolewa kwenye rekodi, Batul aliinua uso juu, pale kiti kinapopita. Kigelegele changu kilipofika alikunja uso, na sitasema zaidi. Chetezo kilipoanza kuzunguka, kichwa chake kikakifuata kulia, nyuma, kushoto, akapiga kite, "Jamani, mnanifukiza mimi! Nimefanya nini?" akakohoa kweli, na hakukuwa na moshi Kanada yote.

Itimad aliacha kutafuna ukucha. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, naye hajui.

Kisha Batul akatulia. Kicheko kikamtoka usoni. Akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayeitwa kwa siri. Tukaona kope zake zikilowa. Akageuka kushoto kabisa, macho bado amefumba, akauambia ule ukuta mtupu kwa sauti ya chini ya mtoto aliyekaa karibu na mama yake mbele za wageni:

"Ndiyo, Mama. Nimekula."

 Lalla Haniya aliusogelea ule uso wa binti yake kwenye kioo cha simu, akaweka kiganja mdomoni, akakiondoa.

"Muongo huyo," akasema. "Mtazameni mashavu yalivyokonda."